Kushinda Kutokuamini

(Haya ni maneno aliyoyasema mwalimu mmoja mzee mbele ya walimu, wazee na wakuu wa vijiji waliokusanyika Mtwara. Twayachapa kwa kuwa wengi waliomba wayapate, wayasome tena nyumbani kwao na kuwasomea wale wasiojua kusoma.)



Nimeombwa niseme juu ya kutokuamini, na jinsi mtu Mkristo awezavyo kulishinda jambo hilo kwa imani na kwa sala. Najua ya kuwa katika pwani yetu hii, tangu Mgao na Mikindani mpaka Msimbati na mlango wa Ruvuma, wengi ni Waislamu, na katika ninyi mnaonisikia wamo. Sikuja kumvuta mtu kutoka katika dini yake. Nawaomba wanisikilize kama jirani amsikilizavyo jirani yake, maana sidhani ya kuwa ugonjwa nitakaoutaja wawapata Wakristo peke yao.

Nitaanza na jambo ambalo wavuvi mliopo mwalijua kuliko mimi. Mtu akitoka bahari kuu na kuukaribia mlango wa Ruvuma, hauoni mto. Aona ukuta wa mikoko, na matope, na mafungu ya mchanga ambayo mwaka huu yako hapa na mwaka ujao yako kule. Mwezi wa Machi mwaka 1866 Bwana David Livingstone alifika hapo katika manowari iitwayo Penguin, akitaka kushusha ngamia, nyati na punda zake ili aende bara. Akatazama, akaona ya kuwa wanyama hawawezi kupita katika mikoko ile. Je, alisema, Hapa hapana mto? Hakusema hivyo, kwa sababu alikwisha kuuingia mto ule mwaka 1861, na tena mwaka 1862, akaujua. Basi alirudi upande wa kaskazini mpaka Mikindani, akashuka huko, akaenda kwa miguu, na baada ya siku si nyingi akaufikia Ruvuma ule ule kwa njia ya nchi kavu.

Hili ndilo neno langu la kwanza: asiyeona mlango asiseme hakuna mto. Siku za kutokuamini ni kama kusimama mbele ya mikoko ile. Macho hayaoni njia. Lakini macho kutoona njia ni jambo moja, na mto kutokuwapo ni jambo jingine.

Sasa yafaa tujue kutokuamini ni nini, maana watu wengi hulitaja neno hili wakidhani lahusu watu wa mbali. Mimi nimeona kutokuamini kwa namna tatu, na zote tatu nimeziona ndani ya makanisa. Ya kwanza ni ya kichwa: mtu asoma, afikiri, na maswali yamjia ambayo hakuna aliyemjibu. Huyu asitukanwe, ajibiwe kwa upole, na mwalimu asiyejua jibu na akiri kuwa hajui. Ya pili ni ya mazoea: mtu ahudhuria ibada kila Jumapili, ajua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, lakini moyo wake umelala kama ngalawa iliyovutwa pwani ikasahauliwa, hata mbao zake zimeachana kwa jua. Ya tatu ni ya moyo uliovunjika: mtu aliomba kwa machozi, wala hakupata alichokiomba. Hii ya tatu ndiyo nitakayoisema zaidi, kwa kuwa ilinipata mimi mwenyewe.

Mwaka 2012, mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwa nguvu, mwanangu wa pili, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda kuvua pamoja na wenzake wawili. Ngalawa ilipinduka. Wale wawili waliokolewa alfajiri wakiwa wameshikilia mrengu. Mwanangu hakuonekana. Majirani walitoka na vyombo vyao kumtafuta siku tatu, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walitumia mafuta yao na nguvu zao, wala hawakuniuliza dini ya mwanangu. Mpaka leo nawashukuru. Usiku ule wote mitatu watu wa kanisa walikaa nyumbani kwangu wakisali, na mimi nilisali kuliko wote. Kwanza nilimwomba Mungu anirudishie mtoto. Usiku wa tatu nilipunguza ombi langu. Nikaomba anipe mwili wake tu, nipate kumzika kama watu wanavyozika watoto wao. Hata hilo sikupewa.

Tangu siku ile moyo wangu ulifunga mlango. Sikuiacha kazi yangu wala sikuliacha kanisa. Niliendelea kuwafundisha watoto somo la dini, lakini nilitamka maneno ya imani kama karani asomaye orodha ya mizigo isiyo yake. Nikakaa hivyo miaka miwili. Mtu mmoja tu alijua, naye ni mama wa watoto wangu. Hakunigombeza wala hakunihubiri. Ila kila usiku alipotandika mkeka wake na kupiga magoti, alikaa upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu wa pili. Mimi nilijigeuza ukutani nikajifanya nimelala.

Hata siku moja, baada ya somo, mtoto mmoja wa darasa langu alibaki nyuma. Baba yake alikuwa amefariki mwezi uliopita. Akaniuliza kwa sauti ndogo, Mwalimu, wewe hujapata kuona shaka? Nikamjibu upesi, Sijapata. Akanitazama kidogo, akaenda zake. Wiki iliyofuata hakuja katika somo la dini, wala wiki ya pili.

Ndugu zangu, jibu lile liliniuma kuliko mambo yote. Mtoto yule alikuja kutafuta mwenzake katika giza, na mimi niliyekuwa naye katika giza lile lile nikamwambia ya kuwa nimesimama mwangani. Nikaona ya kuwa kutokuamini kwangu kumekuwa uongo, na uongo ule umemwacha mtoto peke yake.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa, Mmakonde aliyezaliwa juu katika nchi ya Newala zamani kabla maji ya bomba hayajafika. Nilimweleza yote. Nilifikiri atanikemea. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, Mwalimu, wajua maji tuliyapataje sisi kule juu nilipokuwa mtoto?

Nikasema, Nimesikia, mzee, ya kuwa yalikuwa mbali.

Akasema, Mbali sana. Uwanda wa Makonde hauna chemchemi. Mama zetu waliondoka kabla ya jua, wakateremka genge mpaka bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Basi mwanamke akiugua, asiweze kuteremka, majirani walimpitia, wakauchukua mtungi wake, wakamjazia. Hawakumwuliza kwanza, Wewe waamini ya kuwa maji yako bondeni? Walimletea tu, mpaka siku aliposimama mwenyewe. Nawe, mwalimu, u mgonjwa. Leta mtungi wako. Sisi tutateremka kwa ajili yako. Kazi yako ni moja, usiuvunje mtungi.

Kisha akaniagiza mambo matatu, nami nayasema hapa kwa sababu yalinifaa, na huenda yakamfaa mwingine.

La kwanza, alisema, ukisali, sema kweli. Usimwambie Mungu maneno mazuri usiyoyaamini. Kama huna imani, mwambie huna. Kama umemkasirikia, mwambie. Yeye si mkubwa wa kidunia apendaye kusifiwa na watu wamwogopao.

La pili, njoo kila jioni ukae pamoja nasi tunaposali. Ukiweza kusema, sema. Usipoweza, kaa kimya. Kukaa kwako ndiyo sala yako.

La tatu, mtafute mtu ambaye huzuni yake ni mpya kuliko yako, umchukulie maji. Usimhubiri. Mchotee maji, mpasulie kuni, kaa naye.

Nilifanya hivyo. Nataka msikie vizuri ya kuwa sikuona njozi wala sikusikia sauti. Miezi ya kwanza sikusikia kitu kabisa. Sala yangu ya kwanza ilikuwa ya maneno machache: Mungu, kama upo, nimekuja, lakini sina kitu. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Maji ya bahari yanapojaa katika mikoko huwezi kuyaona yakija. Wasimama juu ya matope, watazama huku na huku, na ukiinamisha macho waona miguu yako imekwisha kulowa. Ndivyo ilivyokuwa. Jioni moja nikitoka kumtazama mgonjwa ambaye amepata nafuu, nilijisikia nimekwisha kusema, Asante, Bwana, kabla sijajua ninalolisema. Nikasimama njiani, nikalia. Usiku ule mama wa watoto alipotandika mkeka, nilikwenda nikapiga magoti mahali pale aliponiachia miaka miwili.

Huzuni haijaisha. Mpaka leo nikiona kijana wa kimo kile akiteremka pwani, moyo wangu wageuka. Wala sikupata jibu la swali langu, kwa nini wale wawili waliokolewa na wangu asiokolewe. Lakini nimejifunza ya kuwa mtu aweza kuwa na swali lisilojibiwa na imani katika moyo mmoja, wala kimoja hakikifukuzi kingine.

Nilimtafuta mtoto yule. Nikamwambia, Siku ile nilikudanganya. Shaka nimeiona, tena nyingi. Akanijibu, Basi, mwalimu, hata mimi ndivyo nilivyo. Akarudi darasani.

Sasa tutazame Injili yasemaje, maana haya si mawazo ya mzee wa Newala peke yake. Katika Injili ya Marko, sura ya tisa, twasoma habari za baba aliyemleta mwanawe mgonjwa. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wamejaribu kumponya wakashindwa, na makutano walikuwa wakibishana. Yesu akamwambia baba yule juu ya uwezo wa kuamini. Yule baba alikiri mambo mawili kwa pumzi moja: ya kuwa imani anayo, na ya kuwa imani yake ina upungufu, akaomba asaidiwe katika upungufu ule. Angalieni, hakuambiwa, Nenda zako, urudi imani yako itakapokamilika. Mwanawe aliponywa siku ile ile. Na wanafunzi walipouliza baadaye kwa faragha kwa nini wao walishindwa, waliambiwa habari za sala. Basi katika sura ile kutokuamini hakukumzuia mtu kuomba. Kuliletwa mbele ya Bwana kama mgonjwa wa pili, pamoja na yule mtoto.

Tena katika sura ya pili ya Injili hiyo hiyo, watu wanne walimchukua mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari, wakamshusha. Injili yasema Yesu aliiona imani yao. Haisemi ya yule mgonjwa peke yake, yasema yao. Huenda yule aliyelala kitandani hakuwa na tumaini lolote. Lakini alikuwa na rafiki wanne wenye imani na mikono yenye nguvu. Hii ndiyo maana ya kanisa. Imani si mali ya mtu mmoja aifungiayo katika sanduku lake. Ni mzigo uchukuliwao na wengi, na leo nakuchukulia wewe, kesho wewe wanichukulia mimi.

Ikiwa mtu atasema, Hayo ni ya zamani katika nchi ya mbali, nitamwonyesha nchi yetu wenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja, akashuka Lindi, akapanda bara pamoja na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Walitekwa bara, wakauzwa pwani, wakaokolewa katika majahazi. Wengi hawakujua tena ndugu zao walipo. Walikusudia kwenda mbali zaidi, lakini walipofika chini ya milima ya Masasi walikaa, wakajenga, wakalima, wakasali. Fikirini, wazee: kama wako watu waliokuwa na haki ya kusema hakuna Mungu, au ya kuwa Mungu hawajali, ni hao.

Tena haikuwa mwisho wa taabu yao. Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na wengine walichukuliwa mateka. Watu waliokwisha kutoka utumwani mara moja wakachukuliwa mara ya pili. Padri W. C. Porter alikwenda mpaka nchi ya Wangoni kutafuta kuwakomboa. Kazi ya misheni ikahamishiwa Newala, na mtu aliyeitazama Masasi siku zile angesema yote yamekwisha.

Haikuisha. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, katika nchi ya mkuu Nakaam, kijana aliyeitwa Cecil Majaliwa. Yeye alikuwa Myao, aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akalelewa na kusomeshwa na misheni Unguja, kisha akasoma Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1890 aliwekwa kuwa padri, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile. Alikaa Chitangali zaidi ya miaka kumi, mbali na wenzake, akifundisha, akibatiza, akizika. Nikimfikiri Majaliwa siwezi kudhani ya kuwa hakupata usiku hata mmoja wa mikoko. Lakini alijua alikotolewa, kama Livingstone alivyojua ya kuwa mto upo. Na katika Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918, Wajerumani walipowakamata wamisheni Waingereza, mapadri na walimu Waafrika ndio walioshika makanisa ya Masasi, huku wengine wakiteswa na wengine wakifungwa. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake. Hivi ndivyo maji yanavyojaa katika mikoko.

Lakini hapa yanipasa kuonya, maana mtu aweza kusikia maneno haya akayageuza. Sala si hirizi. Watu wa kusini twajua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1905 wazee wetu waliinuka dhidi ya serikali ya Wajerumani, na sababu walikuwa nazo: kodi, kazi ya kulazimishwa, mashamba ya pamba, na viboko. Ushujaa wao twauheshimu. Lakini waliambiwa ya kuwa maji ya dawa yatazuia risasi, na hayakuzuia. Baada ya vita ilikuja njaa iliyoua makumi ya maelfu. Nasema haya si kwa kuwacheka. Nasema kwa sababu hata sisi Wakristo tumo katika hatari ya kuifanya sala kuwa maji ya namna ile: nikisema maneno fulani mara kadha wa kadha, Mungu hana budi kunipa. Imani ya namna hiyo haina nguvu, maana risasi ya kwanza yaiua. Yangu ilikufa hivyo mwaka 2012, na sasa najua ya kuwa iliyokufa haikuwa imani bali biashara.

Na tena mwakumbuka mwezi wa Aprili 2019. Tuliambiwa ya kuwa kimbunga kiitwacho Kenneth chaja, na ya kuwa huenda kitapiga Mtwara. Shule zilifungwa, watu wa pwani waliambiwa wahame, na misikiti na makanisa yalijaa waombaji. Tarehe 25 kimbunga kilipiga upande wa pili wa Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado. Asubuhi yake nilisikia watu wakisema, Sala zetu zimekigeuza. Nikahuzunika. Kule ng'ambo walikufa watu zaidi ya 40 katika nchi ya Msumbiji, na maelfu walipoteza nyumba zao. Nao ni Wamakonde kama sisi, ni Wamwani, ni Wamakua. Wana misikiti na makanisa, nao walisali usiku ule ule. Je, sala zetu zilikuwa nzuri kuliko zao? Mwacheni mtu asiseme neno kama hili, maana lamfanya aliyeokoka kuwa na kiburi, na aliyefikwa na msiba kuwa asiyeamini. Yafaa aliyeokoka ashukuru, kisha aulize, Ndugu yangu wa ng'ambo ahitaji nini?

Vivyo hivyo, mzazi asimfungie mtoto mwenye homa ndani akisema, Twamwombea. Amwombee akimpeleka hospitali. Wamisheni waliojenga makanisa katika nchi yetu walijenga na hospitali, pale Ndanda, na Lulindi, na Mkomaindo, wala hawakuona ya kuwa dawa ni adui wa sala. Mzee yule wa Newala hakuniambia mama zetu waliomba mtungi ujae wenyewe. Waliteremka genge.

Sasa nitasema maneno machache ya kumaliza, kwa kila kundi neno lake.

Walimu wenzangu, mtoto akikuuliza juu ya shaka, usimdanganye. Sisemi umwage moyo wako wote mbele ya darasa. Lakini mtoto akijua ya kuwa mwalimu wake naye alipita katika mikoko akatoka, atakuwa na moyo wa kupita. Akidhani ya kuwa yeye peke yake ndiye aliyepotea, hataita mtu.

Wazee na wakuu wa vijiji, katika kila kijiji wako watu waliofiwa ambao baada ya arobaini hakuna anayepita tena mlangoni kwao. Siku za matanga watu ni wengi na chakula ni tele. Mwezi wa sita mtu yuko peke yake, na hapo ndipo moyo hufunga mlango. Wekeni desturi ya kuwapitia mwezi wa sita. Jambo hili halihitaji fedha wala halichagui dini.

Ninyi mnaosali, msiwafukuze wasioweza kusali. Msiwaite waliopotea. Waacheni wakae, wanyamaze, wale pamoja nanyi. Waachieni nafasi kwenye mkeka. Mke wangu hakujua kama nitakuja. Aliiacha nafasi ile miaka miwili, usiku baada ya usiku, na ninaamini ya kuwa nafasi ile ilikuwa sala kubwa kuliko zote zilizosemwa kwa ajili yangu.

Na wewe ambaye moyo wako umefunga mlango, nawe umekaa hapa ukinisikia kwa sababu ya adabu tu, nakuambia kama nilivyoambiwa: usiuvunje mtungi. Ulete. Sema kweli mbele ya Mungu, hata kama kweli yenyewe ni kwamba humwoni. Kaa na wenzako. Mchukulie maji mtu mwingine. Ukipita mwezi bila kusikia kitu, usishangae; mimi nilipita mingi. Kutokuamini hakushindwi kwa kushindana nako kichwani usiku kucha. Kwashindwa kwa kurudi kila jioni.

Jumapili iliyopita nilisimama pwani na mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake yule aliyepotea, naye ana jina lake. Akaniuliza, Babu, mto uko wapi? Mimi siuoni. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mikoko. Nikamwambia, Uko pale. Twende taratibu, nikuonyeshe.